Theluthi ya Shingo ya Desderi

Siku ya arobaini ya Desderi Chavala, mtu aliyemgonga kwa nyuma alifika matangani amevaa koti la marehemu.

Eufrasia alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzake alipoliona koti likiingia uani. Lilikuwa koti la kahawia la mpima ardhi, lenye mifuko minne na doa la wino kwenye mfuko wa juu, na asubuhi ileile alikuwa amelianika mwenyewe kwenye kamba nyuma ya nyumba. Sasa lilikuwa linatembea. Ndani yake alikuwamo Osmundi Mbano, dereva wa lori, Mngoni wa Songea. Shingoni, chini ya ukosi wa koti, ilionekana kola ya kijivu ambayo sheria ilimvalisha.

Hakuna aliyeshangaa. Mngoni na Mhehe ni watani tangu mababu zao walipochoka kuuana, na mtani ana haki zake msibani. Anaweza kuficha sufuria ya wali, anaweza kushuka kaburini akajilaza mpaka akombolewe, anaweza kumwigiza marehemu mbele ya mjane wake, na hakuna wa kumkasirikia.

Osmundi akaenda hatua tatu, akasimama, akafumba jicho la kushoto na kuegemeza kichwa kulia, kama mtu anayechungulia kwenye darubini ya kupimia viwanja.

"Nyumba hii imekwenda kombo," akasema kwa sauti ya Desderi, "lakini mke wangu anasema ni macho yangu."

Ua mzima ukaangua kicheko. Wifi yake Eufrasia, Yasinta, dada wa marehemu, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasahau kwamba hampendi yule mtu. Osmundi akaendelea. Akaonyesha Desderi anavyopewa kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, anavyokataa mara mbili kwa heshima, anavyokubali mara ya tatu kabla hajaulizwa. Akaonyesha Desderi anavyohesabu kuku jioni na kupata idadi tofauti kila mara. Yalikuwa mambo ya kweli yote. Watu walicheka jinsi watu wanavyocheka msibani, kwa kifua kizima, maana kicheko kile kina kazi.

Kisha kengele ya kanisa ng'ambo ya bonde ikagonga saa kumi.

Osmundi alikuwa katikati ya sentensi. Akanyamaza. Mabega yakashuka. Kidevu kikainama, kichwa kikalala kulia kidogo, macho yakafumbika nusu, na pembe moja ya mdomo ikaingia ndani, kama mtu anayeonja mchuzi akaukuta umekolea.

Wageni wakacheka tena. Walidhani ni mchezo uleule.

Eufrasia hakucheka. Uso ule alikuwa akiuona kila siku kwenye kioo cha kabati la vyombo, saa kumi alasiri, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, mikono yake imepakwa mafuta ya nyonyo. Mlango ulikuwa umefungwa, maana Desderi alikuwa na haya. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuuona.

*

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo, hata polisi walisema hivyo. Mwezi wa kumi mwaka juzi, Desderi alisimamisha gari lake kwenye mteremko wa Ipogolo ili kupisha ng'ombe. Nyuma yake lilikuwa lori la Osmundi, limebeba matofali. Malori ya siku hizi hujiendesha yenyewe, dereva hukaa tu kama mgeni. Lakini Osmundi aliona lori linateremka kwa madaha kama bibi harusi, akazima kiongozi, ule mtambo wa kuliendesha, akashika usukani. Ng'ombe wa mwisho alikuwa hajavuka. Taa moja ya nyuma ilivunjika, na kichwa cha Desderi kikaenda mbele kikarudi nyuma kama mlango uliopigwa na upepo.

Shingo iliyoumia namna hiyo haionekani kwenye picha ya hospitali. Zamani watu walibishana juu yake miaka na miaka. Mwenye shingo alisema inauma, watu wa bima wakasema anadanganya, na wapo kweli waliodanganya, waliokwenda mahakamani wamefungwa shingo na kurudi nyumbani wamebeba gunia kichwani. Ndipo zikabuniwa kola. Ndani yake mna nyuzi nyembamba kuliko za buibui, zinazosoma mishipa ya fahamu na kuyaandika maumivu siku baada ya siku, saa baada ya saa. Mwanzoni zilikuwa za kukamatia waongo tu. Baadaye mtu mmoja akauliza: kama maumivu yanasomeka, kwa nini yasigawanywe? Tangu hapo aliyegonga kwa nyuma huvaa kola ya pili, na theluthi moja ya maumivu huhama kutoka shingo iliyoumizwa, ikaingia kwenye shingo iliyokosa. Gari hulipiwa na bima. Shingo hulipwa kwa shingo.

Fomu ya madai aliitia sahihi Eufrasia, Desderi akiwa bado amelazwa. Aliitia kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Daktari wa Ofisi ya Fidia akakadiria siku mia saba za kuvaa kola.

Wiki ya pili Osmundi alikuja kuomba radhi, ana kola shingoni na ndoo ya dagaa wa Nyasa mkononi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Desderi, ambaye hakuwa amemsemesha mtu kwa siku kadhaa, alimuuliza kwao ni wapi. Aliposikia Songea, akainua kidole.

"Mngoni. Ndiyo maana. Ninyi tangu zamani hamjui kumjia Mhehe kwa mbele."

Osmundi akajibu polepole, macho sakafuni, "Na ninyi tangu zamani mkiona njia mnasimama katikati."

Desderi akacheka, na kwa kuwa kucheka kulimuuma, wanaume wote wawili wakashika shingo kwa mara moja na kusema "aah" kwa pamoja. Eufrasia alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alitaka kuendelea kumchukia yule mtu, akashindwa, na hilo nalo lilimuudhi.

Baada ya hapo Desderi alitaka madai yafutwe. Mtani hashtakiwi, alisema, ni aibu, mababu watatucheka. Osmundi ndiye aliyekataa. Alisema akivua kola, theluthi yake itarudi kwa mzee, na yeye hakuja Iringa kumgonga mtu mara mbili. Basi akawa anakuja kila Alhamisi, wanatukanana mpaka saa tisa alasiri, na Eufrasia akazoea kupika ugali wa watu watatu.

Mwezi wa pili mwaka huu moyo wa Desderi ulisimama asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu. Shingo haikuhusika. Ilikuwa siku ya mia nne themanini na tisa.

Lakini sheria ya kola haimalizwi na kifo. Ingekuwa inamalizwa, wabebaji wangewaombea wagonjwa wao wafe. Kwa hiyo siku zilizobaki, mia mbili kumi na moja, zilikuwa za Osmundi bado. Na kwa kuwa shingo ya kuzitoa haikuwapo tena, kola ilianza kurudia ilizoziandika, kuanzia ya kwanza, zile za mwanzo ambazo Desderi alilala amekaa kwa sababu mto ulimuumiza. Ni mrithi peke yake aliyeweza kuisimamisha, kwa kutia sahihi hati ya kuridhia. Na siku hati hiyo inapotiwa sahihi, kumbukumbu yote hufutwa, maana maumivu ya mtu hayarithiwi wala hayahifadhiwi.

Eufrasia aliletewa hati hiyo siku ya tano ya msiba. Aliikunja na kuiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Hakuijibu.

*

Mchezo ulipokwisha, ulifika wakati wa kulikomboa koti. Mtani akishachukua kitu cha marehemu hakirudishi bure, huomba anachotaka, na mfiwa hawezi kumnyima. Yasinta aliinama kwenye sikio la wifi yake.

"Sasa ataomba sahihi," alinong'ona. "Ndiyo aliyoijia, na koti lote hilo. Wewe mpe kuku umnyamazishe. Kaka yangu alibeba zake mpaka mwisho, na yeye amalize zake."

Eufrasia aligeukia uani. Aliona jinsi koti lilivyomning'inia Osmundi mabegani, na jinsi alivyokonda kwa siku arobaini. Lori alikuwa ameliacha. Mtu hawezi kuendesha hata gari linalojiendesha akiwa na shingo ya wiki za kwanza. Kama angeomba sahihi pale, mbele ya watu wote, yeye Eufrasia angelazimika kuitoa, na labda hilo ndilo alilolitamani kwa siri: alazimishwe.

Osmundi alivua koti, akalikunja taratibu bila kuinamisha kichwa.

"Nataka kikombe chake cha bati," alisema. "Kile chenye sikio lililovunjika. Nimenywea ulanzi kwenye kopo la mgeni mwaka mzima na zaidi, nimechoka kudharauliwa na Wahehe."

Watu wakacheka, kikombe kikaletwa. Yasinta akabaki mdomo wazi.

Osmundi alipoaga, Eufrasia alimsindikiza mpaka kwenye ua wa michongoma. Ukungu wa Iringa ulikuwa umeanza kushuka. Alimuuliza kwa nini hakuomba sahihi, na haki alikuwa nayo. Osmundi akasema utani ni utani na shingo ni shingo, hakutaka kuchanganya. Akageuka kuondoka, mwili mzima, kama mtu aliyebeba mtungi.

"Mngoni," Eufrasia akamwita. "Pale saa kumi. Ulikuwa unaigiza nini?"

Osmundi alisimama amempa mgongo. Kwa mgongo ule Eufrasia alijua jibu kabla hajalisikia, akahisi joto likimpanda usoni kama msichana.

"Sikuwa naigiza, mama."

"Kola inapeleka maumivu tu. Ndivyo walivyotuambia."

"Inapeleka maumivu tu." Osmundi akageuka, macho yake yako kwenye kikombe. "Lakini ukipitisha kidole kwenye meza yenye vumbi, kidole kikishaondoka, njia yake si inabaki? Basi ni hivyo. Maumivu yanaondoka hapa, halafu hapa, halafu yanateremka hivi. Kidole gumba kinaanzia upande wa kulia. Kila siku, saa kumi. Nilijua ni mikono ya mtu. Alhamisi moja nilichelewa kuondoka, nikaona mmefunga mlango, nikajua ni ya nani."

Eufrasia alikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa ya hasira, lakini yalipofika mdomoni aliona hayana wa kumpiga.

"Mume wangu alijua?"

"Nilimwambia. Niliona ni wizi kunyamaza."

"Akasemaje?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Osmundi alitabasamu kwa uso wake mwenyewe. "Akasema, 'Theluthi tu, Mngoni. Usisahau. Mbili ni zangu.'"

*

Siku zilizofuata Eufrasia alikuwa mtu wa saa. Ikikaribia saa kumi aliacha alichokuwa anakifanya, povu mkononi au unga mkononi, akaenda kukaa kwenye kiti cha Desderi. Alijua kwamba wakati ule, katika chumba alichopanga Osmundi huko Mlandege, mikono yake ilikuwa inafanya kazi kwenye shingo ya mumewe. Desderi alikuwa hayupo kaburini wakati huo. Alikuwa mahali fulani, anaumwa, anapata nafuu, kichwa kinalala kulia. Kwa siku mia moja sabini na kitu zilizobaki atakuwapo hivyo kila alasiri. Alichotakiwa kufanya Eufrasia ni kutofanya chochote.

Na katikati ya mahali pale alikuwapo mtu hai anayelala amekaa.

Alijaribu kujiambia kwamba ni haki. Sheria ndivyo ilivyosema, na Yasinta alisema hivyohivyo kila alipopita kuazima kinu. Alijaribu kujiambia kwamba mtu huyo hajalalamika. Lakini alimjua Desderi vya kutosha kujua angesema nini juu ya mwanamke anayemwacha mgeni njaa kwa sababu hajaomba chakula. Alhamisi moja Osmundi hakuja. Akapeleka salamu kwamba hawezi kuteremka ngazi. Eufrasia akahesabu kwa vidole: kola ilikuwa imefika siku ya hamsini na moja, siku ambayo Desderi aliteleza bafuni na kujitonesha. Alikumbuka jinsi alivyopiga kelele.

Akakaa kwenye kiti kwa muda, mikono mapajani. Kisha akainuka, akafungua kitabu cha nyimbo.

*

Ofisi ya Fidia ilikuwa ghorofa ya pili, na watu waliiita Ofisi ya Shingo. Karani alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, Bi. Tatu, ambaye alimwamkia Eufrasia na kumpa kiti kabla ya kumwomba kitambulisho. Osmundi alikuwa ameshafika. Ilikuwa lazima awepo. Alikaa wima kwenye benchi la ukutani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Bi. Tatu alieleza yote kwa utaratibu wake. Sahihi ikishawekwa, kola ya mbebaji itazimwa na kumbukumbu itafutwa, papo hapo, mbele yao. Haitakuwapo nakala. Eufrasia akaitikia kwa kichwa. Halafu karani akasema lipo jambo moja, wengi hawalijui. Mrithi ana haki ya kuonja.

"Kuonja nini, mwanangu?"

"Anachokisamehe, mama. Sheria inasema mtu asisamehe asichokijua. Unapewa robo saa, unaichagua mwenyewe kati ya siku zote zilizoandikwa. Na utaonja yote, si theluthi. Ila ni mara moja tu, na si lazima. Wengi wanakataa."

Robo saa kati ya siku mia nne themanini na tisa. Eufrasia alifikiri angechagua saa kumi yoyote, ajue mikono yake ilikuwaje. Lakini akamtazama yule mtu wa kwenye benchi, na akaona kwamba yeye ndiye aliyezisoma siku hizo zote, yeye peke yake sasa. Akamuuliza ni ipi angemchagulia.

Osmundi hakufikiri hata kidogo. "Mia tatu kumi na mbili," alisema. "Kuanzia saa kumi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mpaka leo sijaielewa. Mikono ilianza kama kawaida, maumivu yakashuka. Halafu mikono ikasimama. Halafu kitu kizito kikakaa hapa." Akagusa nyuma ya shingo, pale ambapo kola ilikutana na mfupa. "Kikakaa tu. Maumivu yakaanza kupanda, yakapanda, yakapanda. Nilikuwa njiani Mafinga, nikasimamisha lori pembeni. Nikasema, huyu mzee ana nini leo, si asogee tu? Asogee kidogo, yataisha. Hakusogea hata ukucha. Nilimuuliza Alhamisi. Akasema, 'Hayo hayamo kwenye theluthi yako.'"

Eufrasia alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Mwezi wa nane. Siku hiyo walipukuchua mahindi tangu alfajiri, magunia sita, yeye na Yasinta peke yao. Saa kumi alimpaka Desderi mafuta huku macho yake mwenyewe yanafumbika kwa uchovu. Hakukumbuka kukaa kwenye stuli nyuma ya kiti, wala kuegemeza paji la uso kwenye shingo ya mumewe. Alikumbuka kuamka tu. Chai ilikuwa imepoa, nje giza limeanza kuingia, na Desderi akanung'unika kwamba kuku hawajafungiwa. Naye Eufrasia akamwomba radhi kwa kutomaliza kumkanda, akakimbilia kuku. Ndivyo alivyoikumbuka siku ile, kama siku aliyomwonea uvivu.

"Nitaionja hiyo," alisema.

Kola aliyovalishwa ilikuwa nyepesi na ya baridi. Ilikuwa ya Desderi mwenyewe, bado ina harufu ya nyonyo kwenye kitambaa cha ndani. Bi. Tatu alimwonyesha kwamba akitaka kusimamisha ainue mkono, akabonyeza.

Mwanzoni aliona maumivu ya kawaida, yale ambayo Desderi aliyaita mpangaji wake, yamekaa upande wa kulia kama jiwe ndani ya gunia. Kisha jiwe likaanza kulainika. Kidole gumba, kulia. Ni kweli kilianzia upande huo. Eufrasia hakuwa amejua kwamba yeye huanzia huko. Vidole vikateremka, vikarudi, vikazunguka mahali palipouma bila kupakanyaga, na akashangaa jinsi mikono yake, ambayo aliiona siku zote kuwa migumu, mikono ya jembe, ilivyokuwa na subira. Hivi ndivyo ilivyokuwa, aliwaza, kuwa Desderi na kupendwa na mimi.

Mikono ikapunguza mwendo. Ikasimama.

Uzito ukaja. Aliutambua kama mtu anavyotambua sauti yake mwenyewe kwenye redio, kwa mashaka kidogo. Kilikuwa kichwa chake. Jiwe likarudi, likawa mawili. Moto ukashika mfupa wa shingo, ukapanda nyuma ya sikio, ukateremka bega lote la kulia mpaka kwenye kiwiko. Angesogea inchi moja tu ungezimika. Alijua hivyo kwa mwili. Kila msuli wa shingo ile ulikuwa unaomba kusogea, na kila mara ulipoomba, kitu fulani kiliukatalia, kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto kufungua mlango wa chumba ambamo mtu amelala.

"Mama, nisimamishe?" Bi. Tatu aliuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka Eufrasia mpaka kidevuni.

Hakuinua mkono. Hakusogea. Alikaa kimya kabisa, wima, akihofia kumwamsha yule mwanamke aliyechoka.

Robo saa ikaisha.

Kisha Eufrasia akavua kola mwenyewe, akakikunja kitambaa chake vizuri, akaiweka mezani. Akamwambia Osmundi lile jambo la siku ya mia tatu kumi na mbili. Alilisema kwa maneno machache: nilikuwa nimelala, na yeye alijua nimelala. Osmundi akainamisha macho, akasema, "Kumbe." Baadaye kidogo akasema tena, "Kumbe, mzee."

Eufrasia alichukua kalamu. Safari hii hakutoboa karatasi.

Bi. Tatu akabonyeza, na taa ndogo kwenye kola ya Osmundi ikazimika. Wote watatu waliona jinsi shingo yake ilivyoinuka, polepole, kama nyasi zilizokanyagwa. Akageuza kichwa kushoto. Akageuza kulia. Alipaswa kufurahi, na labda alifurahi, lakini alikuwa na sura ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta mpangaji mwenzake wa miaka mingi amehama bila kuaga.

Waliteremka ngazi pamoja. Nje jua lilikuwa linapenya ukungu, na kengele za shule zilikuwa zinagonga mapumziko. Osmundi alianza kuaga kwa heshima zote, anamshukuru, anamwita mama, kama mtu ambaye sasa hana tena sababu ya kuja Alhamisi. Eufrasia akamkatiza. Akamwambia kwamba Wangoni hawana adabu, wanachukua kikombe cha watu na kutoweka nacho, na kwamba tangu lini mtani akaenda zake bila kuombwa kitu.

"Nimeomba mimi, siku ile ya koti," Osmundi akasema.

"Wewe umeomba. Mimi bado."

"Haya. Omba, Mhehe. Sina haki ya kunyima."

Eufrasia alitazama huku na huko. Watu walikuwa wanapita na shughuli zao.

"Niigizie," alisema. "Ile ya saa kumi."

Osmundi akasimama kando ya barabara, akashusha mabega. Akainamisha kidevu, akalaza kichwa kulia, akafumba macho nusu. Hakukuwa na kitu cha kumwelekeza sasa ila kumbukumbu yake mwenyewe, na haikutoka sawasawa. Kichwa kilikuwa kimezidi kwenda mbele.

Eufrasia akamtazama kwa makini, jicho moja amefumba, kama mpima ardhi.

"Rudi nyuma kidogo," akasema. "Kidogo tena. Na pembe ya mdomo iingie ndani."

"Hapa?"

"Hapo," akasema. "Hapohapo. Usisogee."